Msongo si mawazo peke yake

Vijiweni Dar es Salaam, ndani ya matatu za Nairobi na katika vibaraza vya Yeoville, Johannesburg, neno "stresi" limeshazoeleka. Waandishi wa magazeti hawalipendi, nao huandika "msongo wa mawazo". Ukifuatilia maandishi yao kwa wiki mbili tatu, utaona kifungu hicho kinabebeshwa kazi za watu watatu. Leo ni hali ya mwili na akili ya mtu aliyebanwa na maisha. Kesho ni ugonjwa wa sonona, ule unaomvunja mtu moyo kwa majuma mengi hadi asifurahie hata alichokuwa akikipenda. Keshokutwa ni wasiwasi wa mtihani. Daktari anayeyatenganisha mambo hayo kwa sababu kila moja lina tiba yake hapati msaada wowote kutoka kwa tafsiri ya namna hii.

Kuna kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi. Neno "mawazo" linampeleka msomaji kichwani na kumwacha hukohuko. Mtu mwenye msongo wa mawazo anaambiwa aache kuwaza, kana kwamba shida imeanzia kwenye fikra zake na itaishia humo. Sayansi ya jambo hili inasema vingine, na jiji la Johannesburg linatoa ushahidi mzuri. Pendekezo la makala hii ni jepesi: istilahi iwe "msongo" tu, na "msongo wa mawazo" ibaki kuwa aina mojawapo ya msongo.

Shina la neno lenyewe linatutosha. Kusonga ni kubana na kukaza, na ndiyo kazi ya mwiko ndani ya sufuria ugali unapoanza kuwa mgumu. Humo tumepata msongamano wa magari na wa watu, na tunasema fulani amesongwa na madeni. "Mkazo" ungeweza kufaa, lakini wanaisimu wameshauchukua kwa ajili ya silabi inayotamkwa kwa nguvu. "Shinikizo" nalo linatumika katika shinikizo la damu, na "dhiki" imeelemea upande wa ufukara na mateso. Msongo una nafasi yake peke yake.

Mtu aliyeiingiza dhana hii katika tiba ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza kwamba panya wa maabara, wawe wamechomwa sindano ya sumu, wamewekwa kwenye baridi kali au wamekimbizwa hadi kuchoka, waliishia na dalili zilezile: tezi za juu ya figo kuvimba, viungo vya kinga kusinyaa, na vidonda tumboni. Visababishi vilikuwa mbalimbali, mwitiko wa mwili ukawa mmoja. Baadaye aliuita mwitiko huo kwa neno la wahandisi, linalotaja nguvu inayokandamiza chuma au boriti. Hapo akaacha utata ambao haujaisha hadi leo, kwa maana wahandisi wana neno moja kwa nguvu inayobana na jingine kwa athari yake katika kitu kilichobanwa, naye alichukua la kwanza kutaja la pili. Kiswahili kinaweza kuukwepa utata huo: kinachosonga ni kisababishi, na msongo ni hali inayompata aliyesongwa.

Hali hiyo huanza hivi. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu kwa sekunde chache. Moyo huenda mbio, mapafu hutanuka, damu hulihama tumbo na kukimbilia misuli. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huliamuru ini liendelee kutoa sukari ili mwili usiishiwe nguvu. Kazi zinazoweza kusubiri, kama kumeng'enya chakula na uzazi, hupunguzwa kasi. Kwa mtu anayemkimbia mbwa mkali mpango huu ni mzuri mno. Hatari ikipita, kotisoli hushuka na mwili hurudi kwenye shughuli zake.

Ubaya unaanza hatari isipopita. Mwaka 1993 Bruce McEwen, mtafiti wa ubongo wa Marekani, na mwenzake Eliot Stellar walieleza gharama anayolipa mwili unaoishi katika tahadhari mwaka baada ya mwaka. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita "mzigo wa msongo". Mishipa ya damu inayobanwa kila siku hukakamaa. Sukari inayomwagwa bila kutumika huwa mazoea ya damu. Mafuta hujilundika kiunoni, usingizi hukatika, na kinga hulegea au huvurugika. Katika orodha hiyo ni machache yaliyo "mawazo".

Sasa twende Johannesburg. Wakongomani wengi wa Bukavu, Goma na Lubumbashi waliohamia huko wakiomba hifadhi huishi kwa karatasi inayotolewa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Wao huyaita "makaratasi". Kibali hicho huhuishwa baada ya miezi mitatu au sita, kisha tena, na kuna waliohuisha kwa miaka mingi bila kupata jibu la mwisho. Ofisi ya wakimbizi iliyokuwa Crown Mines, ndani ya Johannesburg, ilifungwa mwaka 2011, na watu wakalazimika kwenda Pretoria. Kabla ya huduma kuhamia mtandaoni wakati wa korona, kupata nafasi kulimaanisha kuamka usiku wa manane, kulipa nauli ya teksi mara mbili, kusimama foleni tangu kabla ya jua, na pengine kuambiwa urudi siku nyingine. Siku hiyo kazi imepotea, na mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka halipwi kwa siku ambayo hakuwapo. Karatasi ikipitwa na tarehe, kukutana na polisi barabarani ni jambo la kuogopa, na benki huweza kuifunga akaunti.

Ongeza kumbukumbu. Tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, kaskazini mwa jiji, yakasambaa hadi watu 62 wakapoteza maisha. Yalirudi mwaka 2015 na 2019. Anayepita mtaani akisikiliza lafudhi yake mwenyewe kabla ya kufungua kinywa tayari ana kotisoli kazini, hata kama akilini anawaza bei ya mchele.

Lugha za jirani zimeliona jambo hili kwa njia zao. Kizulu kina "ingcindezi", linalotokana na kitenzi chenye maana ya kubana na kukandamiza, kitenzi kilekile kilichotumika kusimulia ukandamizaji wa siasa ya ubaguzi wa rangi. Wazimbabwe, ambao ni wengi mno Johannesburg, wana neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na neno hilo limeingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013. Kizulu kinamtazama anayebana, Kishona kinamtazama anayewaza. Msongo wetu uko karibu na Kizulu, mpaka tunapoutilia "wa mawazo" na kuuhamisha.

Uhamisho huo una madhara zahanatini. Mswahili akisema "nina presha", anaweza kuwa anataja shinikizo la damu lililopimwa kwa mashine, au bosi anayemfokea. Akisema "nina mawazo", hatapimwa damu kabisa. Lakini Soweto, kusini-magharibi mwa Johannesburg, hospitali ya Chris Hani Baragwanath iliandikisha wagonjwa wapya wa moyo 1,593 mwaka 2006 kwa ajili ya utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008. Asilimia 59 walikuwa wanawake, na ugonjwa ulioongoza, kwa asilimia 44, ulikuwa moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Zaidi ya nusu walikuwa na shinikizo la juu la damu. Maradhi haya yana visababishi vingi: chumvi, unene, uvutaji sigara, urithi, kuchelewa kupimwa. Msongo ni kimojawapo. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2004, uliofanywa katika nchi 52, Afrika Kusini ikiwamo, ulikuta kwamba waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa wameripoti msongo wa kazini, nyumbani au wa fedha zaidi ya wenzao waliokuwa wazima.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Kiswahili kina maneno mawili yasiyopaswa kuchanganywa. "Lishe" ni virutubishi na namna mwili unavyovitumia. "Mlo" ni kile kilichopo mezani. Vijana wameongeza "dayati", lakini kwao ina maana ya kupunguza mwili tu. Tukizungumzia msongo, neno linalofaa ni mlo, kwa sababu kotisoli haibadilishi ujuzi wa mtu kuhusu lishe. Inabadilisha anachokitamani. Aliyesongwa kwa muda mrefu huvutwa na vitu vitamu na vya mafuta.

Tazama anachokikuta dirishani Johannesburg akitoka kazini amechoka: kota. Ni robo ya mkate iliyochimbwa katikati, ikajazwa chipsi, vipande vya soseji laini iitwayo polony, jibini na achari ya embe, kisha ule mkate uliochimbwa ukarudishwa juu kama kifuniko. Inashibisha, ni rahisi, na hakuna jiko la kuwasha wala sufuria ya kuosha. Inakuja na chumvi na mafuta tele, na mara nyingi na chupa ya soda. Nyumbani kuna pap, ndugu wa ugali wetu, ambayo haina kosa lolote ikiwa na mboga na maharage kando. Hela ikipungua, kinachopungua kwanza ni mboga.

Serikali ya Afrika Kusini imejaribu kuugusa mlo bila kumhubiria mlaji. Tangu Juni 2016 sheria imeweka ukomo wa chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani, na tangu tarehe 1 Aprili 2018 vinywaji vitamu vinatozwa kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita 100. Mlo nao unarudi kuigusa akili. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha watu 67 wenye sonona: baadhi walipata ushauri wa mlo wa mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni, wengine mazungumzo ya kirafiki tu. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya kundi la mlo walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 8 katika kundi la pili. Ni utafiti mdogo, lakini unatosha kumzuia mtu asiseme kwamba sahani haina lake na akili.

Baada ya msongo na mlo, kuna dhana ya tatu, nayo ndiyo iliyotafsiriwa vibaya kuliko zote. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, alichukua zoezi la Wabudha la kukaa na kuangalia pumzi, akaliondolea ibada, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Kwa Kiswahili zoezi hilo huitwa mara tafakuri, mara taamuli. Yote mawili ni kufikiri. Aliyelalamika kwamba mawazo yamemzidi anapewa kazi ya kuwaza zaidi! Zoezi lenyewe linataka kinyume: wazo linakuja, unaliona, unaliacha lipite, unarudi kwenye pumzi. "Umakinifu" umejaribiwa, ila una harufu ya darasani. Mimi ninachagua "uzingativu", kutoka kuzingatia, kwa sababu mtu anaweza kuzingatia bila kutoa hukumu. Waislamu wa pwani hawatauona mgeni, maana wamezoea kuambiwa wahudhurishe moyo katika sala.

Faida ya uzingativu ipo, nayo ni ya kiasi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichambua majaribio 47 yenye washiriki 3,515, wakaona nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakuona kwamba unashinda mazoezi ya viungo au dawa. Pumzi ndefu inaweza kushusha mapigo ya moyo ya mtu aliye kwenye foleni. Haiwezi kumhuishia kibali.

Harare, Zimbabwe, walilielewa hilo. Huko daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa mabibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hatua yake ya kwanza inaitwa "kuvhura pfungwa", kufungua akili, lakini haikomi hapo: bibi na mgonjwa huchagua tatizo moja na kupanga la kufanya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha zahanati 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili zilikuwa zimepungua sana kwa waliokaa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo napendekeza matumizi haya. Msongo ni mwitiko wa mwili na akili kwa jambo linalombana mtu. Mzigo wa msongo ni uchakavu unaobaki mwitiko huo usipopata kupumzika. Msongo wa mawazo ni msongo unaoonekana zaidi katika fikra. Sonona ni ugonjwa wenye dalili na tiba yake, na presha iachiwe damu. Uzingativu na mlo bora ni njia za kuupunguza mzigo.

Anayekwenda zahanati ya Yeoville, au ya Temeke au Kisumu, aseme "nasongwa", kisha ataje na kinachomsonga. Muuguzi atajua kwamba anapaswa kufanya mambo mawili: kumfunga mkononi kipimo cha shinikizo la damu, na kumuuliza kuhusu kazi, chumba anacholala na makaratasi yake.