Kansa ya Utumbo Si ya Wazungu, na Kupima Mara Moja Hakutoshi

Masela wa Mombasa, leo naongea kuhusu choo. Ndiyo, choo. Chekeni mmalize, kisha tupitie historia kidogo.

Huku Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu mpaka Kibokoni, nasikia sana kwamba kansa ya utumbo mpana ni ya wazungu. Fikra hii ina mizizi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, na ugonjwa huu aliuona kwa nadra. Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula: watu wa vijijini Afrika walikula nyuzinyuzi nyingi. Sawa. Lakini aliongelea vijiji vya wakati ule, si sisi wa chipsi na soda kila jioni. Chadwick Boseman, Black Panther wetu, alikufa kwa kansa hii 2020 akiwa na miaka 43 tu.

Sasa kipimo. Uvimbe huvuja damu kidogo sana, macho hayaioni. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani, David Greegor, aliwapa wagonjwa kadi wapake choo chao nyumbani, siku tatu mfululizo. Kwa nini tatu? Damu leo yatoka, kesho haitoki. Mwaka 1993 utafiti wa Minnesota, wa watu zaidi ya 46,000 wenye miaka 50 hadi 80, ulitoa majibu ya miaka 13: waliopimwa kila mwaka, vifo vyao vya kansa hii vilipungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasiopimwa.

Kwa hivyo majibu safi ya mwaka jana si cheti cha maisha. Na kipimo kikionyesha damu, bado si hukumu: daktari huingiza kamera aangalie ndani.

Mimi naona haya ndiyo yatumaliza. Mzee aona damu, asema ni bawasiri, anunua dawa Marikiti, anyamaza. Damu ikishaonekana kwa macho, hapo si kadi tena, ni daktari moja kwa moja.

Wewe wa miaka 19 hujafika umri huo. Lakini baba, mama, ami na shangazi waliokaribia hamsini wanakusikiza wewe wa simu. Waambie waulizie kipimo cha damu kwenye choo. Na mwakani, wakumbushe tena.