Rupia Shingoni

Sarafu ni kitu cha kupita: huingia mkononi asubuhi, na jioni imekwisha kwenda kwa mwingine. Lakini katika pwani yetu zimekuwapo sarafu zilizotolewa sokoni kwa makusudi, zikatobolewa au kutiwa kitanzi, zikavaliwa shingoni mpaka sura ya mfalme ikafifia kwa jasho na mafuta ya nazi.

Iliyotangulia ni riale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Hata baada ya kufa kwake iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, maana wafanyabiashara wa Arabuni na wa huku kwetu waliizoea hiyo. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na zaidi ya sehemu nane katika kumi zilikuwa fedha halisi. Wafua fedha waliiyeyusha wakafua vikuku na mitali. Nyingine waliziacha nzima, zikawa vidani.

Kisha, mwaka 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikatoa rupia yake: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake, upande wa pili simba mbele ya mti. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi hapa Chikongola, alikuwa nayo moja. Aliirithi kwa mama yake, naye alivikwa na mumewe huko Mikindani. Utotoni niliiona kitu kidogo. Ukubwani nilisoma habari za kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898: nyumba ya kawaida ya kijijini, rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alitozwa kwa jasho lake. Kumbe babu yule alimvika mkewe theluthi ya kodi!

Waingereza wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa na desturi iliyokaribiana na hii. Walisugua upande mmoja wa sarafu ukawa laini, wakachora majina ya wapendanao. Hata wafungwa waliopelekwa Australia waliwaachia jamaa zao peni za shaba za namna hiyo. Ukiiokota moja leo, aghalabu utasoma nani alimkumbuka nani. Rupia ya bibi haikuchorwa hata herufi moja. Maandishi yake yalikuwa kinywani mwa mwenye kuivaa, na bibi aliyasoma kwa sauti kila alipoulizwa, nasi watoto hatukuuliza mara nyingi.

Shilingi ya mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, ilhali rupia ilikuwa nazo sehemu 11 katika 12. Si ajabu masonara wakazipenda zile za kale.

Bibi alipofariki, jamaa mmoja aliichukua yake pamoja na kipini kilichovunjika. Nilifuatana naye. Sonara hakuuliza ilikuwa ya nani, aliiweka kwenye mizani, akainama kutazama, akasema, "Gramu kumi na moja."