Payton, Philip A. (1876–1917)

Dalali na mwekezaji wa nyumba wa jijini New York, Marekani. Alizaliwa Westfield, Massachusetts, akahamia New York mwaka 1899 na kuishi kwa vibarua, kikiwemo cha kufanya usafi katika ofisi ya madalali wa nyumba. Humo ndimo alimojifunzia biashara. Maisha ya matajiri wa nyumba huelezwa kana kwamba mtu hutafuta faida kwanza, kisha, mfuko ukishajaa, huigeukia jamii. Kwa Payton mpangilio huo haufai, kwa sababu utumishi wake kwa jamii ulikuwa ndani ya udalali wenyewe. Wajenzi walikuwa wamejaza majumba Harlem wakiitarajia reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1904. Wapangaji Weupe hawakutosha, na wakati huohuo Wamarekani Weusi walibanwa katika mitaa mibovu kwa sababu ya rangi yao. Payton aliwaendea wenye nyumba, akawaahidi kuzijaza.

Mwaka 1904 aliunda Afro-American Realty Company, iliyouza hisa kwa dola 10 kila moja. Kampuni ya Hudson Realty ilipowafukuza wapangaji Weusi katika Barabara ya 135, Payton alinunua majengo ya jirani, akawatoa Weupe na kuwaingiza waliofukuzwa. Kitendo hicho kilikuwa biashara, na kilikuwa pia siasa ya wazi.

Wapo wanaomwona mchuuzi aliyevuna kutokana na ubaguzi: Weusi walilipa kodi kubwa kuliko Weupe, na matangazo ya kampuni yalitia chumvi kiasi cha wanahisa kumshtaki mwaka 1906. Kampuni ilikufa mwaka 1908. Lawama hiyo ni ya haki, hasa ukiwafikiria watu wa kipato kidogo waliopoteza akiba zao. Hata hivyo haifuti matokeo, kwani majengo yaliporudi kwa wamiliki Weupe, wapangaji Weusi walibaki. Wala mtandao alioujenga haukufa na kampuni. John Nail na Henry Parker, waliowahi kuwa wauzaji wake, walifungua ofisi yao wenyewe, na mwaka 1911 wakasimamia ununuzi wa majengo kumi katika Barabara hiyohiyo ya 135 kwa niaba ya kanisa la Weusi la St. Philip's. Majengo hayo, yaliyogharimu dola 640,000, yalikuwa yakipangishwa kwa Weupe pekee. Kanisa likayafungua kwa Weusi.