Daftari la Mkopo, Si Akaunti

"Kufungua akaunti mpya hupunguza alama zako za mkopo." Nimeisoma sentensi hii katika kipeperushi cha benki moja, kilichotafsiriwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, na imeniudhi. Mswahili akisikia fulani kafungua akaunti, anajua kaenda kuweka fedha. Akiambiwa kuwa tendo hilo linamharibia sifa, ataacha kuweka akiba, wala hatakuwa na kosa. Kumbe alama zenyewe za kawaida hazitazami akiba hata senti moja. Zinatazama mikopo tu.

Kwa akaunti ya mkopo, jina ninalolitetea, na nimelitetea katika vikao vya kamati ya istilahi bila kusikilizwa, ni daftari la mkopo. Daftari tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni Kigiriki, diphthera, yaani ngozi, maana zamani ngozi ndiyo iliyoandikiwa. Kwetu limeenea kutoka shuleni hadi Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Lakini makao yake hasa ni dukani. Mwenye duka anakufungulia ukurasa, anaandika jina lako juu, kisha unga, sukari, mafuta ya taa, hadi mwisho wa mwezi. Ukurasa huo upo hata kabla hujachukua kibiriti. Hapa ndipo wanaopendelea "deni jipya" wanaposhindwa: aliyepewa kadi leo na hajanunua kitu kwayo hana deni, ila daftari analo tayari. Wanaotaka "hesabu" nao wanatia utata katika fani ambayo kila kitu chake ni kuhesabu.

Kosa la pili ni "alama za mkopo". Mkopo haupimwi, anayepimwa ni mkopaji. Lugha yetu imekwisha kutupa njia: kopa, kopesha, kopesheka. Fulani anakopesheka, fulani hakopesheki. Basi sifa hiyo ni ukopeshekaji. Kamati iliniambia neno ni refu mno. Upatikanaji lina silabi sita na sijasikia aliyelilalamikia. Ukopeshekaji lina sita vilevile. Tukizembea, vifupisho vitafanya kazi ya maneno, kama Nairobi, ambako mtu akisema yuko CRB, yaani kwenye taasisi zinazohifadhi taarifa za mikopo, anaeleweka kuwa ameshindwa kulipa, ilhali taasisi hizo huhifadhi pia habari za wanaolipa vizuri.

Kwa maneno haya jambo lenyewe linaelezeka bila shida. Katika alama za FICO za Marekani, zilizoanza mwaka 1989 na kwa kawaida huanzia 300 hadi 850, mikopo mipya ina uzito wa takriban asilimia 10, na umri wa historia ya mkopo asilimia 15. Mwenye madaftari mawili, moja la miaka kumi na jingine la minane, ana wastani wa miaka tisa. Akifungua la tatu leo, wastani unashuka hadi sita. Ombi lenyewe huacha ulizo la mkopeshaji, linalokaa kwenye taarifa miaka miwili ingawa FICO hulihesabu kwa miezi 12 tu. Kwa upande mwingine, kadi mpya huongeza kikomo cha jumla, hivyo sehemu ya kikomo iliyotumika hupungua, na hilo huweza kupandisha alama. Kigezo cha kulipa kwa wakati, chenye asilimia 35, kinazidi kila kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo iandikwe hivi: kufungua daftari jipya la mkopo huweza kupunguza kwa muda alama za ukopeshekaji. Nawasihi wanaotafsiri kwa ajili ya benki wayatumie maneno haya mbele ya wateja kabla ya kuyapeleka tena kamatini. Na msomaji anayekusudia kuomba mkopo wa nyumba karibuni, asifungue daftari jipya kwanza.