Usukani wa Usalama Barabarani Umeshikwa na Nani?

Mtu akianguka na bodaboda katika mteremko wa kutoka Bungu, huko milimani Usambara, akaumia sana, huteremshwa hadi mjini Korogwe, hospitali ya Magunga. Ataulizwa jina lake na fomu ya polisi. Swali langu wiki hii ni jingine: huko Serikalini, ni nani hasa mwenye kazi ya kuhakikisha ajali kama hiyo haitokei?

Kwa maandishi, jibu tunalo tangu mwaka 1973. Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka huo, ndiyo iliyotuletea Baraza la Taifa la Usalama Barabarani, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwenyekiti ni Naibu Waziri, katibu ni mkuu wa trafiki, na wajumbe hutoka katika wizara na taasisi mbalimbali. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini baraza ni la kushauri na kuelimisha. Kikao kikiisha, kila mjumbe hurudi ofisini kwake, kwenye fungu lake la fedha na kwa mkubwa wake. Anayebaki na kazi ya kila siku ni katibu, yaani polisi, na polisi silaha yake ni kukamata na kutoza faini. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia "usalama barabarani" tunamwona askari mwenye sare nyeupe. Na mara moja kwa mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama, yenye maandamano, hotuba, na stika za kubandika kwenye kioo.

Miaka ilivyokwenda, kazi ikazidi kumegwa. TANROADS ilianza mwaka 2000, ikachukua barabara kuu na za mikoa. Sheria ya mwaka 2001 ikaleta SUMATRA. Mwaka 2019 ikaja LATRA. Barabara za vijijini zikapewa TARURA mwaka 2017. Leseni ya udereva hutolewa na TRA, baada ya polisi kumpima dereva. Na Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani ilipotoka mwaka 2009, haikutoka Mambo ya Ndani, bali Wizara ya Miundombinu! Sheria kwa huyu, sera kwa yule.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walitoa ripoti kubwa juu ya ajali za barabarani. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa kila serikali iteue chombo kimoja cha kuongoza kazi hii. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya kuunda NTSA mwaka 2012. Sisemi ajali zimekwisha kwao, hazijaisha. Lakini Mkenya anajua abishe hodi mlango gani.

Mwezi Februari 2023, usiku, Coaster iliyokuwa ikisafirisha waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso pale Magira Gereza, Korogwe. Walikufa watu zaidi ya 15. Katika ajali kama hiyo polisi humtazama dereva, TANROADS huitazama barabara, mdhibiti hutazama kibali cha gari. Mfiwa anayetaka kujua yote matatu kwa pamoja, na kuambiwa nini kitabadilishwa pale Magira na lini, itambidi azunguke ofisi tatu, akiwa na nauli.