Mgongo wa Bibi Si Uzee Tu

Tumezoea kumwona bibi amepinda mgongo tukasema, "Uzee huo." Historia inatwambia kuna zaidi.

Mwaka 1941, huko Boston, Marekani, daktari Fuller Albright na wenzake waliandika kuwa wagonjwa wao wenye mifupa dhaifu, karibu wote walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Kilichowapungukia ni homoni ya estrojeni.

Sisi washonaji tunaelewa upesi. Mfupa hufumuliwa na kushonwa upya maisha yote. Estrojeni ikipungua, kufumua kunashinda kushona, na mfupa unabaki na matundu ndani.

Albright aliwatibu kwa estrojeni. Lakini mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa estrojeni ikichanganywa na projestini hupunguza kuvunjika nyonga, ila huongeza hatari ya saratani ya matiti na kiharusi.

Kwa bahati, tangu 1995 Marekani ilikuwa imeruhusu alendroneti. Dawa hii hukaa kwenye mfupa na kuwazuia wale wafumuaji. Katika utafiti wa 1996, wanawake waliokwisha kuvunjika pingili za mgongo wakaitumia, mivunjiko mipya ya pingili ilipungua kwa karibu nusu.

Basi mama akipungua kimo, au akivunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, tusimwambie avumilie. Tumpeleke kwa daktari mapema, kabla nyonga haijavunjika.