Miwani husaidiaje macho kuona?

Je, herufi za barua zimekuwa ukungu? Huwezi tena kutia uzi kwenye sindano? Mtoto wako hasomi ubaoni? Huenda mnahitaji miwani. Hapa tunaeleza jinsi inavyofanya kazi na pa kuanzia ukiwa Rusizi.

Mwanga hupindaje?

Chovya kasia katika Ziwa Kivu: litaonekana kama limevunjika pale linapoingia majini. Halijavunjika. Hewani mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya maji au kioo hupunguza mwendo. Ukiingia kwa mshazari, njia yake hupinda.

Lenzi ni kioo au plastiki iliyochongwa ili kupinda mwanga kwa kipimo. Jicho nalo lina lenzi yake. Ukiona vizuri, mwanga hukutana sawasawa kwenye retina, nyuma ya jicho.

Aina mbili za lenzi

- Nene katikati (+): hukusanya mwanga. Husaidia asiyeona vizuri karibu. Wengi huihitaji baada ya miaka 40, kwa kuwa lenzi ya jicho hukakamaa. Lenzi ya +2.00 hukutanisha miale ya jua sentimita 50 kutoka ilipo, ya +4.00, sentimita 25.
- Nyembamba katikati (−): hutawanya mwanga. Husaidia asiyeona vizuri mbali, kama mwanafunzi asiyeona ubao.

Ndiyo maana miwani ya jirani inaweza isikufae. Kila jicho lina kipimo chake, hata ya kulia na ya kushoto hutofautiana.

Nianzie wapi?

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kuanzia 2012, Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi zaidi ya 2,500 nchini kote kupima macho. Ukiishi kambini, uliza kwanza kwenye zahanati ya kambi.

Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali, kama Gihundwe au Mibilizi. Itunze barua hiyo: kwa kawaida Mutuelle de Santé haitalipia hospitali bila rufaa. Beba pia kitambulisho chako, na miwani ya zamani kama unayo.

Miwani isipotosha

Mtoto wa jicho hauondolewi kwa miwani wala kwa dawa za kienyeji. Daktari hutoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia.

Nenda hospitali mara moja ikiwa:

- uoni umepotea ghafla;
- jicho ni jekundu na linauma sana;
- mboni ya mtoto inaonekana nyeupe.

Usisubiri mtoto akue. Jicho lisilotibiwa mapema linaweza kubaki dhaifu maisha yote, hata akivaa miwani baadaye.